Kabla ya Kusahihisha, Tutazame Kwanza



  Siku hizi chache tumeulizwa swali moja na watu wengi, tena kwa sauti ya chini: Padre alikuwa akifanya nini ufukweni Lyulilo usiku wa manane, amejifunika blanketi, kando ya kitu kinachofanana na mzinga? Wengine walidhani ni wapimaji waliokuja kwa ajili ya mpaka wa ziwa. Mzee mmoja alikwenda mbali zaidi, akauliza kama tumeanza kupiga ramli. Basi, ili uvumi usizidi kukua, tumeona tafakari ya juma hili iwe ndiyo jibu. Tunaomba uvumilivu wenu, kwa sababu jibu lenyewe lina sehemu inayotuaibisha, na hatutaki kuiruka.

Kitu kile kilikuwa darubini. Mwalimu mmoja wa fizikia, mwanaparokia mwenzetu, aliiazima kwa rafiki yake ili awapatie wanafunzi wake picha ya anga iliyopigwa hapa hapa kwetu, wasibaki na picha za vitabuni peke yake. Wengi wenu mnakumbuka tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na kubaki kama pete, na jinsi watu walivyosafiri hadi Rujewa, wilayani Mbarali, kulitazama. Mwalimu anasema tangu siku ile aliona kwamba mkoa wetu una mbingu njema, na kinachokosekana ni macho ya kuitazama.

Tena asiwepo wa kudhani kwamba kazi hii ni ngeni kwa Kanisa. Elimu ya nyota si ramli. Mwaka 1891 Baba Mtakatifu Leo XIII alikianzisha upya Kituo cha Elimu ya Anga cha Vatikano, nacho kikajiunga na kazi kubwa iliyoanzishwa Paris mwaka 1887, ya kupiga picha mbingu yote na kutengeneza orodha ya nyota zake. Katika sehemu waliyopewa Vatikano, masista wanne wa Shirika la Maria Mtoto, yaani Emilia Ponzoni, Regina Colombo, Concetta Finardi na Luigia Panceri, walipima mahali pa nyota moja moja kwenye vioo vya picha, kuanzia mwaka 1910 hadi 1921. Jumla ya nyota walizozipima ni 481,215.  Kila tunapochoka kuandika vitabu vya ubatizo, tuwakumbuke masista hawa.

Sasa turudi Lyulilo. Wale wasiopafahamu, ni mbele kidogo ya Matema, chini kabisa ya Milima ya Livingstone, mahali penye soko la Jumamosi ambalo akina mama wa Kikisi huliletea vyungu kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Mwalimu alipachagua kwa sababu mbili. Kwanza, giza lake ni giza kweli, hasa mwezi usipokuwepo. Pili, upande wa kusini hakuna kilima wala nyumba, ni maji matupu hadi upeo wa macho; na mtu anayetaka kuzifuata nyota katika nchi yetu ni lazima kwanza aipate kusini yake.

Tueleze kwa nini. Picha tuliyoitaka ni ya wingu la hewa na vumbi lililo katika kundi la nyota la Mshale, ambalo wataalamu huliita Lagoon au M8. Liko mbali nasi kiasi cha miaka ya nuru kati ya 4,000 na 5,000, na ndani yake nyota mpya zinazaliwa. Nuru yake inatufikia ikiwa hafifu sana, hivyo kamera ni lazima iachwe wazi kwa muda mrefu, dakika tano au zaidi, iikusanye kidogo kidogo kama mtu anayekinga maji ya mvua. Lakini dunia haisimami. Inazunguka, nasi tukiwa juu yake tunaiona mbingu ikisogea sekunde 15 za tao katika kila sekunde moja ya saa. Katika dakika tano nyota husogea zaidi ya mara mbili ya upana wa mwezi mpevu. Kamera iliyotulia tuli itaonyesha nyota zilizovutwa kama mistari ya chaki. Kwa hiyo darubini huwekwa juu ya stendi yenye mota, ambayo mhimili wake umelazwa sambamba na mhimili wa dunia, ili iizungushe darubini kinyume cha mzunguko wa dunia, kwa mwendo ule ule.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Lyulilo iko karibu nyuzi tisa na nusu kusini mwa ikweta, hivyo mhimili unapaswa kuelekea kusini ukiwa umeinuka nyuzi tisa na nusu tu juu ya maji, yaani karibu ulale. Stendi ile ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa nchi za mbali na ikweta, ikakataa kuinama kiasi hicho. Tukaufupisha mguu wake wa kusini na kuuingiza mchangani, na ile miwili ya kaskazini tukaiwekea vipande vya ubao. Watu wa kaskazini ya dunia wanayo nyota angavu karibu kabisa na ncha ya mbingu. Wakiielekea, wamemaliza nusu ya kazi. Sisi wa kusini tunayo nyota iitwayo Sigma Octantis, hafifu hata usiku mzuri, na kwetu hapa huzama katika ukungu wa ziwa. Mwalimu alituambia, “Baba, huku kusini huonyeshwi ncha. Unaielekea kwa kukisia, kisha unatazama nyota inakimbilia upande gani, ndipo unajua umekosea wapi.” Tukafanya hivyo: nyota moja ya juu utosini, nyingine ya upande wa magharibi, kwa maana mashariki milima imeziba. Saa mbili nzima zilikwisha katika kutazama na kukaza skrubu.

Hata hivyo stendi, hata ikielekezwa vizuri namna gani, ina meno ya chuma, na meno ya chuma yana kasoro. Mota itawahi kidogo hapa na kuchelewa kidogo pale. Enzi za akina Leo XIII, mtu alikaa jicho lake likiwa kwenye darubini ya pili, akiitazama nyota moja mahali nyuzi mbili nyembamba zinapokutana, na kila ilipotoka aliirudisha kwa mkono, hadi picha iishe. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kamera ndogo iliyowekwa nyuma ya darubini ndogo, ambayo imefungwa mgongoni mwa ile kubwa. Kamera hiyo humpelekea mwendeshaji, yaani kompyuta, picha ya nyota moja ya mwongozo kila baada ya muda mfupi. Programu, nasi tulitumia PHD2 ambayo hutolewa bure, huangalia nyota imetoka kiasi gani mahali pake, kisha huiagiza mota isukume kidogo upande unaotakiwa. Lakini kabla ya kuanza, programu haiamrishi chochote kwa kukisia. Kwanza huisukuma darubini magharibi na kuirudisha mashariki, kisha kaskazini na kusini, ili ijifunze jinsi mota hii, na si nyingine, inavyoitikia.

Usiku wa kwanza, Alhamisi, tuliomba sisi wenyewe tupewe kompyuta. Tulidhani kwamba mwongozo mzuri ni ule usioacha kosa lolote lipite. Basi tukaiamuru kamera ipige picha mara mbili katika kila sekunde moja, na ukali wa masahihisho tukaupandisha hadi mwisho. Matokeo yake yalikuwa ya kusikitisha. Mchoro kwenye kioo ulipanda na kushuka kama meno ya msumeno. Darubini haikutulia hata mara moja, na nyota katika picha zikatoka zimevimba, hazina umbo. Upepo wa kusini, ule ambao watu wa ziwani huuita mwera, ulikuwa umetulia. Hatukuwa na wa kumsingizia.

Mwalimu alisubiri tuchoke, kisha akatueleza. Nyota inapometameta haijasogea popote. Ni hewa iliyo kati yetu nayo inayocheza. Ukiitazama kwa nusu sekunde tu, utaona imeruka upande mmoja, utaisukuma darubini kuifuata, na kabla hujamaliza hewa imeirusha upande wa pili. “Hapo, Baba, husahihishi darubini. Unaifukuza hewa. Na kila ukisahihisha kosa ambalo halipo, unazaa kosa ambalo lipo.” Akaipa kamera sekunde tatu kwa kila picha, mtetemo wa hewa ukajisawazisha wenyewe. Ukali akaupunguza hadi kiasi cha nusu. Mchoro ukaanza kutulia. Lakini usiku ulikuwa umekwisha.

Ijumaa usiku tulirudi. Kabla ya kupiga picha yoyote, Mwalimu alifanya jambo lililotushangaza: alizima masahihisho yote. Akasema gurudumu la meno katika stendi ile lina mzunguko wake wa karibu dakika nane, na kasoro yake hujirudia kila mzunguko. “Tusiguse kitu dakika nane. Tutazame tu.” Tukakaa mchangani kimya. Kwenye kioo nyota ya mwongozo ilianza kupanda polepole, ikaiacha njia, ikaenda mbali hadi mkono wetu ukawasha kuigusa kompyuta. Kisha, bila kusukumwa na yeyote, ikageuka, ikashuka, ikapita upande wa pili, ikarudi ilikoanzia. Halafu ikaanza tena vile vile.

Katika dakika zile nane macho yetu yalikwenda ziwani. Kulikuwa na taa nyingi juu ya maji, msururu mrefu, kama mji. Ni wavuvi wa usipa. Kama mnavyojua, usipa hufuata taa, na taa haina nguvu mwezi ukiwaka; kwa hiyo wavuvi hutoka katika usiku wa giza, zile zile tulizozitaka sisi kwa ajili ya nyota. Ndipo tulipomkumbuka kijana mmoja.

Ni kijana wa darasa la Kipaimara, mvuvi. Tunaandika habari hii kwa ruhusa yake, ila jina lake hatulitaji. Mwezi Juni hakuonekana kanisani wala darasani Dominika mbili mfululizo. Dominika ya pili, wakati wa matangazo, tulimtaja kwa jina mbele ya waamini wote. Tulisema kwamba anayeichezea Sakramenti anamchezea Mungu, na kwamba hatutampaka Krisma mtu anayeupenda mtumbwi kuliko altare. Watu walicheka kidogo. Mama yake alikuwa amekaa benchi la tatu, akainamisha kichwa. Tangu hapo kijana hakurudi, nasi tulijiambia kwamba huo ni ushahidi wa yale tuliyoyasema.

Sasa, tumekaa mchangani, tukapiga hesabu ambayo mtoto yeyote wa ufukweni angeipiga. Giza la mwezi huchukua majuma mawili, na majuma mawili yana Dominika mbili. Kijana yule hakuwa ameiacha njia. Alikuwa akienda na mwezi, akiondoka na kurudi, kama ile nyota kwenye kioo. Sisi tulimtazama nusu sekunde, tukamsukuma kwa ukali wote tuliokuwa nao, tena mbele za watu, wakati Bwana wetu katika Injili ya Mathayo, sura ya 18, ametuelekeza kwenda kwanza kwa ndugu yetu tukiwa wawili peke yetu. Dominika mbili alikosa kwa sababu ya giza. Zilizofuata alikosa kwa sababu yetu.

Usiku ule ulikuwa na somo moja zaidi. Masahihisho yalipowashwa tena, mchoro ulinyooka, ukawa mstari mmoja mwembamba ambao Mwalimu mwenyewe aliusifu. Tukapiga picha ya kwanza ya dakika tano kwa matumaini makubwa. Nyota zikatoka zimerefuka, zote upande mmoja. Tukarudia, ikawa vile vile. Mwongozo haukuwa na kosa hata kidogo, na picha ilikuwa imeharibika! Mwalimu aliwasha tochi yake nyekundu, akapapasa, akaikuta skrubu ya pete inayoishikilia darubini ndogo imelegea kidogo sana, kiasi cha unywele. Darubini ndogo ilikuwa ikiinama taratibu kwa uzito wake kila ile kubwa ilipozunguka. Iliifuata nyota yake kwa uaminifu kamili, lakini haikuwa imefungamana na ile iliyopaswa kuiongoza.

Wapendwa, tuliposikia skrubu ile ikikazwa, tuliona haya. Inawezekana padre akasali masifu yake yote kwa wakati, Misa ikaanza dakika ile ile iliyotangazwa, vitabu vya parokia vikawa safi, mchoro wake mbele ya macho yake mwenyewe ukawa umenyooka kama uzi, na hapo hapo watu aliokabidhiwa wakawa wanapotea, kwa sababu amelegea pale anapopaswa kufungamana nao. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliwasisitizia mapadre, mwaka 2013, katika Misa ya Krisma, kwamba mchungaji akae karibu na kondoo wake kiasi cha kunukia harufu yao. Sisi tumekaa karibu na ziwa hili miaka kadhaa, na harufu ya usipa tuliijua sahanini tu.

Tulipiga picha 24 za dakika tano kila moja, kuanzia baada ya saa sita usiku. Mwalimu ataziunganisha kwa kompyuta ziwe picha moja, na tutaibandika penye mbao za matangazo. Nyota zake ni nukta, na wingu lenyewe ni jekundu, lina mfereji mweusi katikati.

Saa kumi na moja alfajiri mitumbwi ilianza kurudi, na akina mama wa soko walikuwa wamekwisha kufika. Kijana wetu alikuwemo. Alipotuona alitaka kupitia upande mwingine, tukamfuata na viatu vyetu majini.

“Shikamoo, Baba.”

“Marahaba, mwanangu. Ni lini utapumzika?”

“Mwezi ukiandama, Baba. Mwezi ukiwa gizani ndiyo riziki. Ada za wadogo zangu zinatoka humu.”

Hatukuwa tumemwuliza kabla ya siku ile. Hata mara moja. Tulimwomba radhi pale pale, yeye ameshika nyavu. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, “Nimesikia, Baba,” akaendelea kuanua. Hakuahidi kitu, nasi hatukumdai ahadi.

Wazazi, makatekista, walimu, viongozi wa Jumuiya Ndogondogo, sote tumekabidhiwa watu wa kuwaongoza, na kusahihisha ni sehemu ya upendo. Mtume Paulo aliwaagiza Wagalatia wamrudishe aliyeteleza, ila kwa roho ya upole. Hatuwaambii muache. Stendi isiyosahihishwa haitoi picha. Tunawaomba tu mambo haya: tuutazame mzunguko mzima wa mtu kabla ya kuusukuma mkono wetu, tusiufukuze kila mtetemo wa hewa, yaani kila neno la hasira na kila sura iliyokunjamana, tukisahihisha, iwe kidogo, na mara kwa mara, bila kelele. Na jioni, katika kuchunguza dhamiri, kila mmoja aipapase skrubu yake mwenyewe.

Kwa upande wetu, tumekubaliana na katekista kwamba katika majuma ya giza mafundisho ya wavuvi yatafanyika Jumatatu alasiri, huko huko ufukweni, nyavu zikianikwa. Na kwa kuwa tulimwaibisha kijana yule mbele ya wote, Dominika iliyopita, wakati ule ule wa matangazo, tulimwomba radhi mbele ya wote.

Yeye hakuwepo. Mwezi ulikuwa bado gizani. Mama yake alikuwepo, benchi la tatu.

Tunawatakia nyote Dominika njema. Tuwaombee wavuvi wetu usiku huu, na mtuombee nasi.

Bwana awe nanyi.